Gari Jeupe Lililomrudisha Mzee Lumbasi

Nilimfanya mama mkwe wangu mjane kwa karibu nusu saa, na mumewe akiwa hai, amelala usingizi mtamu nyuma yangu. Nalisema mapema ili nisionekane kama naficha, maana ukienda Shinyalu hata leo ukataja jina langu, kabla hujamaliza kulitaja mtu atakuwa ameshika ubavu kwa kicheko, na mimi nimeshazoea, nimekubali. Aibu ikikaa na mtu miaka mingi huwa kama ndugu wa kambo: humpendi sana, lakini akikosekana mezani unauliza yuko wapi.

Wakati huo tulikuwa tunakaa Shirere, vyumba viwili katikati ya nyumba za wanafunzi wa chuo, mimi nikiwa na duka la fotokopi lenye upana wa mlango (mteja akiingia, mimi natoka), na mke wangu Rose akifundisha watoto wa chekechea. Binti yetu Imani alikuwa darasa la pili, mdogo wake Baraka alikuwa bado anabebwa mgongoni, na Jumapili za mvua tulikuwa tunapanda bodaboda moja sote wanne, mimi nyuma kabisa nimekalia chuma, nimeshika mwavuli unaotaka kurudi tulikotoka. Nikikumbuka sasa naona tulikuwa na furaha sana, ila wakati ule nilikuwa nakiona kile chuma tu.

Basi tukaamua kununua gari. Tuliuza ng'ombe wawili tuliokuwa tumewaacha kwa baba yangu huko Lugari, Rose akaongeza mgao wake wa chama, na kila tukitoka kanisani tukawa tunapitia yadi moja ya magari kando ya barabara kuu, magari yaliyotoka melini juzi, yanang'aa kama sahani za wageni. Siku moja kijana wa pale akamfungulia Rose mlango wa kigari chekundu, Rose akaingia, akakaa, akavuta harufu ya viti vile macho ameyafumba, akaufunga mlango, akaufungua, akaufunga tena.

"Baba Imani," akaniambia kupitia dirishani, "sikia vile unafunga. Kama mtu anayesema pole."

Halafu akaisoma bei iliyobandikwa kwenye kioo, akashuka polepole kama mtu anayevuka shamba la miiba bila viatu, na tukaenda nyumbani tukinyamaza mpaka Imani akauliza kama kuna mtu amekufa. Hatukurudi tena kwenye ile yadi. Tukashuka bei, tukashuka tena, mpaka tukafika kwenye magari ambayo tayari yalikuwa yamezeeka hapa hapa Kenya, na huko chini ndiko nilikokutana na Alfayo.

Alfayo alikuwa broka, mtu wa maneno laini, miwani ya jua juu ya paji la uso hata mbingu ikiwa nyeusi tii kwa mvua, na kila mtu alimwita mwalimu. Alinipeleka nyuma ya gereji fulani akanionyesha gari refu jeupe, lenye mgongo mrefu wa kubebea mizigo na madirisha makubwa pande zote, na chini ya ile rangi nyeupe ukiangalia vizuri uliona mstari wa zambarau unachungulia ubavuni, kama petikoti chini ya gauni jepesi.

"Hii gari, mwalimu, haijawahi kukimbizwa," akasema, akiipapasa boneti. "Maisha yake yote imeendeshwa polepole. Mwenyewe alikuwa mtu wa heshima sana, alikuwa na abiria wake maalum, na hakuna abiria wake hata mmoja ashawahi kulalamika."

Naapa hivyo ndivyo alivyosema. Na mimi nikatikisa kichwa kwa kuridhika, nikafikiria abiria waungwana, labda maaskofu.

Ndani, viti vya nyuma havikuwa kama vya magari mengine. Upande wa kushoto kulikuwa na benchi moja refu lenye mto, na upande wa kulia sakafu ilikuwa tupu, ina reli mbili za chuma zenye vigurudumu vidogo vidogo. Nikauliza ni vya nini. "Ni vya mizigo, mwalimu. Wewe unasukuma tu, inaingia yenyewe, hata mgongo haukuumi." Nikaona katoni zangu za karatasi zikiteleza humo moja baada ya nyingine na nikakaribia kulia. Nikauliza pia kwa nini ukiwasha injini taa za mbele zinawaka zenyewe, mchana kweupe, na hazizimiki mpaka uzime gari. "Usalama," akasema Alfayo. Na bei ilikuwa ndogo, jamani, ndogo hivi kwamba tungebaki na pesa ya bima na ya karo ya Imani, na kichwa cha mtu mwenye bajeti kikisikia neno "tungebaki" huwa kinafunga masikio mengine yote.

Rose alisema kitu kimoja tu. "Kabla hujatoa pesa, mchukue Josphat akaiangalie." Josphat ni binamu yake, makanika huko Khayega, fundi mzuri ambaye anayajua magari ya upande ule kama unavyojua watoto wa jirani. Lakini Josphat alikuwa na tabia ya kunicheka (siku ya mahari yangu aliwaambia wazee kwamba mimi hata wilibaro siwezi kuipiga kona), na nikajiambia, mimi mwanamume mzima ninayezifungua mashine za fotokopi na kuzifunga nitashindwa na gari? Nikamwambia Rose kwamba Josphat nimempigia na hapatikani. Kaongo kadogo, kama punje ya wimbi. Kila kitu kilichofuata kilichipuka hapo.

Siku ya tatu baada ya kulileta gari nyumbani (Rose aliliangalia, akasema ni refu, akasema asante Mungu, akaenda kupika), daktari akamruhusu baba mkwe wangu atoke hospitali. Mzee Lumbasi alikuwa amelazwa karibu wiki mbili, amepasuliwa ngiri. Alikuwa mrefu, mwembamba, mkaidi, mwenye majani chai kidogo na mahindi mengi huko Shinyalu, na katika ujana wake alikuwa mpiga isukuti wa kutafutwa, ngoma ile ya kwao ambayo ikilia hata mwenye mguu mbovu anasimama. Hospitali ilimchosha. Kila tukienda kumwona alikuwa anauliza swali moja: "Nyumbani ni lini?" Nyumbani kwenyewe walikuwa wameambiwa asitarajiwe kabla ya wiki ijayo, kwa hivyo Rose aliponipigia kutoka shuleni aliniambia nimpigie mama yake simu, nimwambie Mzee anakuja.

"Hapana," nikasema, na kifua kimejaa. "Wacha tumshtue."

Tumshtue! Nikilikumbuka hilo neno mpaka leo nauma midomo.

Nilipofika lango la hospitali, mlinzi aliliona gari kwa mbali, akafungua lango bila kuniuliza chochote, akavua kofia, akaiweka kifuani, na kwa mkono ule mwingine akanionyesha barabara ya kuzunguka nyuma. Nikaona kweli mtu akiwa na gari heshima huja yenyewe. Nikafuata ile barabara mpaka ikaishia mbele ya jengo dogo lenye mlango mpana, na mzee mmoja aliyevaa buti za mpira akanijia akipangusa mikono.

"Karibu dereva," akasema. "Leo uko pekee yako? Umefuata nani?"

"Nimemfuata Mzee Lumbasi."

Akafikiria. "Huyo hayuko kwangu."

"Yuko wodi ya wanaume. Anatoka leo."

Akaniangalia kwa muda mrefu, akaliangalia gari, akaniangalia tena. "Sasa kama yuko wodi," akaniuliza kwa upole, "mbona umekuja huku mapema hivi?"

Mtu mwenye akili angezima injini hapo akajiuliza. Mimi nilijiuliza tu kama walinzi wa hospitali wanapewanga mafunzo, nikageuza gari nikaenda zangu wodini.

Mzee hakuweza kukaa kwa sababu ya nyuzi, ikabidi tumlaze. Nilikuwa nimebeba godoro la Imani, nikaliweka juu ya zile reli, muuguzi akaniambia niendeshe polepole kabisa, nisimrushe hata kidogo, na Mzee, macho yamelegea kwa dawa hata haangalii ameingia wapi, akajinyoosha pale kwa urefu wake wote, akaniambia, "Mkwe wangu, hii gari imenitoshea sawasawa." (Wapendwa wasomaji, ilimtoshea sawasawa.) Tukatoka. Lakini yale madirisha makubwa hayakuwa na pazia, na jua la saa nane lilikuwa linampiga usoni, basi akavuta shuka jeupe la hospitali, akajifunika mpaka juu ya kichwa, na tulipopita mjini alikuwa ameshaanza kukoroma.

Ebu lione gari hilo kama walivyoliona wao. Refu, jeupe, taa zinawaka mchana, linaenda mwendo wa mtu anayetembea, na ndani kupitia vioo kuna mtu mrefu amefunikwa shuka jeupe kichwa mpaka miguu. Na mbele, mimi, katika suti yangu ya harusi. (Nilikuwa nimeivaa kwa sababu ya gari.)

Tulipokata kona pale Khayega kuelekea Shinyalu, mambo yakaanza. Wanaume waliokuwa wamekaa nje ya duka la dawa za mifugo wakasimama wote. Mama mmoja mwenye ndizi kichwani akazitua chini, akakunja mikono. Watoto wa shule wakaacha mpira. Nikasema moyoni, kumbe watu wa hapa wananijua hivi, kumbe habari za gari langu zimefika, nikateremsha kioo, nikawapungia mkono polepole kama mheshimiwa, na nikapiga honi. Ile honi nayo ilikuwa na sauti ya peke yake, ndefu, ya chini, iliyoanza kwa kunung'unika na kuishia kwa kunung'unika, na nilipoipiga mara tatu nikaona mzee mmoja anafuta machozi. Nikaguswa sana. Nikaipiga tena.

Halafu bodaboda moja ikaja nyuma yetu ikawasha taa. Ikaja ya pili. Walipofika saba au nane wakawa wamevunja matawi ya miti na kuyafunga mbele ya pikipiki, wanapiga honi kwa zamu, na mimi kwenye kioo cha pembeni nawaona, nawapungia, nasema hawa vijana wana roho nzuri. Mzee Lumbasi hakusikia kitu. Dawa za hospitali zilikuwa zimemshika vizuri.

Mama mkwe wangu, Mama Rebeka, alikuwa ameinama anaanika maharagwe kwenye turubai mbele ya nyumba. Alisikia ile honi kabla ya kuliona gari. Nilimwona akiinua kichwa. Nilimwona akiliona gari likiingia kwenye ua wake, akaona dereva ni mimi, akaona suti, akaona shuka. Ungo ukamponyoka mkononi.

"Mayi wee!" akalia, na ile sauti sijaisahau na sitaisahau. "Baba Imani, umeniretea nini? Umeniretea nini leo?"

Nilikuwa tayari nimetoka, nimeshika mlango, natabasamu. Kutabasamu! Nikasema, "Mama, nimekuletea Mzee!"

Nusu ya kijiji ilikuwa imeshaingia kwenye ua na yote ilinisikia. Wanawake wakapiga ukemi. Mama Rebeka akaja mbio, akajirusha kwenye boneti, miguu ikamwishia, akaanza kuteleza chini, na mimi bila kufikiria nikamdaka kiunoni. Sasa kwa wale msiotoka kwetu, mkwe na mama mkwe hawashikani hata mkono. Hawakai kiti kimoja. Nikimwona njiani napaswa kusogea pembeni apite. Na mimi hapo nimemkumbatia mbele ya watu wote, yeye analia kifuani mwangu, ushungi umeanguka, na mimi nasema, "Mama, mzima, yuko mzima," lakini kwa kelele zile watu walisikia "mzima" wakadhani nasema alikuwa mzima mpaka jana.

Mambo ya msiba kwetu yanajua kujipanga yenyewe. Kufumba na kufumbua, vijana wameanza kutoa viti kanisani, mtu ameshachinja kuku (sijui kuku wa nani), isukuti mbili zimetokea na zimeanza kulia nyuma ya zizi, na mwanamume mmoja mwenye daftari amenisogelea akanivuta kando kwa heshima akaniuliza, "Pole sana mkwe. Sasa hema mtataka ya watu wangapi?"

Ni hiyo ngoma iliyomwamsha. Ngoma ya kwao, inapigwa vibaya.

Shuka likainuka. Kwanza tukaona vidole, halafu nywele nyeupe, halafu Mzee Lumbasi amekaa kitako ndani ya gari, macho mekundu, amejishika tumbo pale kwenye nyuzi, anatutazama kupitia kioo. Ngoma zikakatika ghafla kama mtu amezima redio. Akagonga kioo kwa kidole.

"Nani amekufa?" akauliza. "Na ni nani huyo anapiga isukuti kama anafukuza nguchiro?"

Sijawahi kuona ua ukiisha watu haraka vile. Bodaboda nyingine ziliachwa zimeanguka zinanguruma. Mwanamume wa hema alipita juu ya ua wa michongoma (ule ua una urefu wa kifua, nimeupima), daftari likabaki. Mtu aliyekuwa na kisu cha kuku alikimbia nacho. Tuliobaki ni mimi, Mama Rebeka mikononi mwangu, na mtu mmoja aliyekuwa amekaa juu ya pikipiki yake, amelala juu ya usukani, mabega yanamtikisika. Nikadhani analia. Alikuwa Josphat.

"Shemeji," akasema alipopata pumzi, "umeinunua hii gari? Wewe? Kwa pesa?"

"Ina nini?"

"Ina nini! Hii ndiyo gari ya maiti ya hapa! Kila mtu aliyekufa huku miaka na miaka ameletwa na hii. Hiyo honi watoto wanaikimbianga. Ungeniuliza tu. Ungenipigia simu dakika moja, ningekwambia."

Kwetu Lugari maiti huletwa kwa pikapu ya jirani yeyote mwenye huruma, sikuwahi kujua gari linaweza kuwa na kazi hiyo moja maisha yake yote. Yule mzee wa buti za mpira, mlinzi na kofia yake, taa, zile reli chini ya godoro la mtoto wangu, vyote vikanijia kwa wakati mmoja, nikahisi jasho linashuka ndani ya suti mpaka soksi. Nikamwachilia mama mkwe wangu. Nikatafuta mahali pa kuangalia, sikupata.

Mama Rebeka hakucheka. Alimtazama mumewe kupitia kile kioo kwa muda, akakiwekea kiganja, kisha akazunguka gari lote polepole, akaligusa ubavuni pale pa mstari wa zambarau.

"Hii ndiyo ilimreta Patiriki," akasema.

Patrick alikuwa mtoto wao wa kwanza, kaka yake Rose. Alifariki kabla sijaijua ile familia. Mimi ninamjua kwa picha tu, moja iko sebuleni, kijana ameshika kombe la mpira. Hakuna mtu aliyekuwa ameniambia. Nani angeniambia, na kwa nini? Nikapiga magoti pale pale kwenye maharagwe yake, nikamwomba msamaha, nikamwambia gari naliuza kesho, nalichoma, chochote atakachosema.

Mzee ndiye aliyejibu kutoka ndani. "Usichome kitu mimi nikiwa ndani. Fungua mlango kwanza." Tukamfungulia, tukamshika huku na huku, akashuka, akasimama kwenye ua wake akavuta hewa. "Rebeka," akasema, "mimi ni mzima. Nina njaa. Hospitali wanapikanga uji kama maji ya kuoshea vyombo. Hakuna obusuma hapa, hata ugali wa jana?"

Hapo ndipo Mama akaanza kucheka, na kucheka kwenyewe kulikuwa bado kuna machozi ndani yake, akaketi kwenye turubai, Mzee naye akajaribu kucheka akashika nyuzi, akasema aii, aii, msinichekeshe. Na watu wakaanza kurudi mmoja mmoja, wanachungulia kwanza kutoka nyuma ya migomba, wakaja wakamgusa mkono kuhakikisha una joto. Yule kuku alikuwa ameshachinjwa, basi akapikwa. Mchungaji aliyekuwa ameitwa kwa msiba akafanya maombi ya shukrani. Mzee akanyang'anya mtu isukuti, akaipiga mapigo manne kuonyesha inavyopaswa, akarudisha.

Ningetaka mkasa uishie hapo, kwa kuku. Lakini mtu mmoja wa Khayega alikuwa amempigia Rose simu shuleni kumpa pole.

Alikuja kwa bodaboda, kiatu kimoja, chaki bado mikononi. Alikuwa amelia njia nzima. Aliingia pale uani akamkuta baba yake kwenye kiti anatafuna paja la kuku, na akasimama. Alienda akapiga magoti akaweka kichwa kwenye mapaja ya baba yake, na Mzee akampapasa nywele kwa ule mkono usio na mafuta, akimwambia, "Mimi niko, mama, mimi niko," kama anavyobembelezwa mtoto mdogo. Mimi nilikuwa nimesimama karibu na gari na suti yangu. Rose alipoinuka akaliangalia lile gari, safari hii vizuri, akaziona zile reli, na akajua. Siku ile ya Patrick alikuwa ameliona kwa machozi tu, ndiyo maana Shirere halikumwambia kitu.

"Josphat alikuwa hapatikani?" akaniuliza.

Josphat alikuwa palepale, anakula.

Alinyamaza wiki moja na siku mbili. Alipika, alifua, alifundisha, lakini mimi nilikuwa napitishiwa ujumbe kupitia Imani. "Mama anasema chumvi iko hapo." Siku ya kumi nikamwambia ukweli wote kuhusu ile simu ambayo sikupiga, na kwa nini, na nikaongeza kwamba naogopa kuchekwa kuliko ninavyoogopa kukosea. Akaniangalia. Akasema, "Sasa umechekwa na lokesheni nzima. Umebakisha nini cha kuogopa?" Na kweli nilikuwa sijabakisha.

Gari halikuuzika. Alfayo alikuwa amebadilisha simu, na kila mnunuzi wa Kakamega alikuwa ameshasikia. Basi tukakaa nalo, na ninavyolikumbuka sasa, miaka ile ndiyo ilikuwa bora zaidi ya nyumba yetu. Injini ilikuwa nzima kabisa (kwa hilo Alfayo hakudanganya, halikuwa limekimbizwa). Josphat alifunga viti, akaninyofolea ile honi, akarekebisha taa, akakataa malipo, akasema ameshalipwa kwa kicheko. Wanafunzi wa Shirere walikuwa wanasimama na kuinamisha vichwa nikipita, wajinga wale, mpaka Imani akawa anaomba ashukie mbali na lango la shule. Barabarani hakuna aliyenipita kwa fujo. Polisi walikuwa wananipungia niende.

Na Mzee Lumbasi alilipenda. Nilifikiri hangetaka kuliona tena, lakini alikuwa ananipigia mwenyewe: "Mkwe, kuja na ile gari yetu, tupeleke majani chai." Alikaa mbele, dirisha wazi, kiwiko nje, na tukipita Khayega alikuwa anawaamkia watu kwa sauti, mmoja mmoja, kwa majina, ili wamwone. Siku moja, bila mimi kuuliza, akaniambia kwamba zamani alikuwa anaifumbia macho barabara hii, kwa sababu ya Patrick, kwa sababu ya safari ile aliyokaa nyuma ya gari kando ya jeneza. "Sasa nikikumbuka hii gari," akasema, "nakumbuka yule mtu wa hema akiruka michongoma." Akacheka mpaka tukasimama kando. Tuliishi naye miaka sita baada ya hapo. Alienda akiwa usingizini, nyumbani kwake, mvua ikinyesha, na hakuhitaji gari la mtu yeyote.

Lile jeupe nililiuza mwaka uliofuata kwa mwoka mikate wa Ekero. Nilimweleza kila kitu kabla hajatoa pesa, kuanzia maiti wa kwanza mpaka wa mwisho ambaye hakuwa maiti, na alipomaliza kucheka akauliza tu kama linakula mafuta mengi. Nilimtazama akiondoka nalo kuelekea Mumias, katikati ya miwa, nikabaki nimesimama kwenye stendi ya kando ya barabara na funguo za akiba mfukoni ambazo nilisahau kumpa, na Rose akaninunulia soda.

Kwa hivyo mimi nimeapa. Kitu kilichotumika sikinunui tena kabla sijauliza kilitumika kwa kazi gani, na namwuliza mtu anayejua, hata kama atanicheka, hasa kama atanicheka. Na kwenda ukweni sishtui mtu. Mama Rebeka sasa amezeeka, masikio yamepungua, lakini kila nikianza safari hata ya miguu nampigia kwanza, napaza sauti mpaka majirani wa Shirere wanasikia: "Mama, ni Baba Imani, ninakuja, na sisi sote ni wazima!" Anashukuru Mungu upande ule. Halafu ananiuliza kama nimevaa suti.